UCAS au Common App? Stetimenti ya Uingereza na esei ya Marekani ubavu kwa ubavu

Kila ikifika mwezi wa nane wa tisa hivi, wadogo zetu walioko kidato cha sita, na wale wa Kenya wanaojiandaa na KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, wanaanza kuuliza maswali yale yale mawili: niombe Uingereza, ambako maombi yanapita mfumo wa UCAS, au Marekani, ambako wengi wanatumia fomu ya pamoja iitwayo Common App, na je naweza kuandika maelezo binafsi mara moja nikayatuma kote kote? La pili jibu lake ni hapana. Na ukishaelewa kwa nini ni hapana, jibu la lile la kwanza linaanza kujitokeza lenyewe, maana hizi nchi mbili zinamuomba mtu huyo huyo vitu viwili tofauti kabisa.

Tukumbuke kwanza kwamba huku kwetu hii kitu hatujaizoea. Tanzania unaomba chuo kwa ufaulu wako wa NECTA (baraza la mitihani), unafungua mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) unaangalia kama una vigezo vya kozi, unajaza fomu ya chuo, unasubiri majina yatoke. Kenya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanaangalia klasta pointi zako basi. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtu wa namna gani wala kwa nini unataka kusoma hicho unachotaka kusoma. Ndo maana unakuta mtoto ana wani ya tatu (division one ya pointi tatu, ufaulu wa juu kabisa), kichwa kweli kweli, lakini akikaa kuandika maelezo yake anaanza na tarehe aliyozaliwa, ni mtoto wa ngapi, baba anafanya kazi gani, halafu anafunga na nukuu ya Mandela kuhusu elimu. Simlaumu hata kidogo, hajawahi kufundishwa na mtu yeyote, na mitihani yote aliyofanya maisha yake yote ilimtaka ajibu kinachojulikana tayari.

Uingereza wanataka nini

Karibu maombi yote ya digrii ya kwanza Uingereza yanapita UCAS. Unachagua kozi mpaka 5, ukiomba udaktari, meno au mifugo basi 4 tu ndo za fani hiyo, na Oxford na Cambridge huwezi kuomba zote mbili mwaka mmoja. Unaandika stetimenti moja, ndo hayo maelezo binafsi. Moja hiyo hiyo ndo inasomwa na vyuo vyote ulivyochagua, na vyuo havioni umeomba wapi kwingine, kwa hiyo ukitaja jina la chuo kimoja ndani umeshawaambia wengine wanne kwamba wao ni chaguo la pili.

Zamani ilikuwa insha moja ndefu unajipangia mwenyewe. Kuanzia wanaoingia chuo 2026 wamebadilisha, sasa kuna maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kingine cha kujiandaa na kimekusaidia vipi. Kila jibu lisipungue herufi 350 na yote matatu kwa jumla yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Kwa Kiingereza hiyo ni kama maneno 600 na kitu. Kwetu sisi haya mabadiliko ni mazuri sana kwa maoni yangu, kwa sababu mtoto wa shule ya kata ambaye hana mtu wa kumwelekeza sasa angalau anaona anaulizwa nini.

Angalia maswali yenyewe sasa. Yote matatu yanazunguka kozi. Hakuna swali hata moja linalouliza wewe ni nani. Anayesoma mara nyingi ni mwalimu wa idara au mtu wa udahili anayefanya kazi na idara, na anachotaka kujua ni kama akili yako inakaa kwenye hilo somo hata pale ambapo hakuna mtihani. Ulisoma kitu gani cha ziada, ulikifikiriaje, ulikwama wapi, ukaenda kutafuta nini. Ukapteni wa mpira ukiutaja bila kuuunganisha na kozi unamaliza herufi zako bure.

Ndo maana pia Uingereza haimfai mtu ambaye hajajua anataka kusoma nini. Ukiweka sheria chuo kimoja, uchumi kingine, saikolojia cha tatu, stetimenti yako moja itaandikwaje? Utaishia kuandika maneno ya juu juu yanayogusa vyote na yasiyoshika chochote.

Marekani wanataka nini

Common App ilianza 1975 na vyuo 15 na leo ina vyuo zaidi ya 1,000. Unaruhusiwa kuongeza mpaka vyuo 20 kwenye akaunti yako. Si vyote vimo, MIT kwa mfano ina fomu yake yenyewe. Esei kuu ni ya maneno 250 mpaka 650, unachagua swali moja kati ya saba, na la saba linakwambia andika unachotaka. Halafu vyuo vingi, hasa vile vigumu kuingia, vinaongeza maswali yao madogo: kwa nini chuo chetu, jamii yako ikoje, unafikiriaje kuhusu jambo fulani. Ukiomba vyuo kumi unaweza kujikuta na esei ndogo ishirini, na hapa ndo watu wengi wanachoka wanaanza kukopi na kupesti, mpaka jina la chuo kingine linabaki humo ndani.

Anayesoma huku ni ofisa wa udahili, na mara nyingi huombi idara, unaomba chuo kizima. Miaka yako ni minne na kwenye vyuo vingi fani unakuja kuitangaza mwaka wa pili. Kwa hiyo swali lake ni jingine: huyu mtu akikaa bwenini kwetu, akikaa darasani, anakuja na nini? Anafikirije? Nini kimemgusa? Esei nzuri ya Marekani inaweza isitaje kozi kabisa na bado ikamfikisha mtu anakotaka.

Pembeni ya esei kuna orodha ya shughuli, nafasi 10, kila moja ina herufi 150 za maelezo. Naomba nisimame hapa kidogo kwa sababu watoto wetu wanaidharau sana. Wanaona kwa kuwa shule haina klabu ya roboti wala timu ya mdahalo basi hawana cha kuandika, wanaacha nafasi saba wazi. Wakati kwenye ile orodha kuna kabisa aina inayoitwa majukumu ya familia, na kuna kazi ya kulipwa. Kama unaamka saa kumi kumsaidia mama kukanda maandazi ya biashara, kama jumamosi unakaa dukani kwa mjomba, kama wewe ndo unawasimamia wadogo zako homework, kama unafundisha madrasa au Sunday school, hizo zote ni shughuli, andika, weka na masaa kwa wiki. Anayesoma anajua kabisa kwamba mtu mwenye masaa ishirini ya kazi za nyumbani kwa wiki na bado ana A ya fizikia si mtu wa kawaida, lakini hawezi kujua kama hujamwambia.

Mtu yule yule, maandishi mawili

Nikupe mfano ili uone tofauti kwa macho. Tuseme kuna binti wa Arumeru, kombi yake (masomo matatu ya kidato cha tano na sita) ni PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anataka kusoma kemia. Maji ya maeneo mengi ya kule kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akiyanywa toka utotoni meno yanatoka na rangi ya kahawia. Binti huyu meno yake yako hivyo. Nyumbani kwao baadaye walipata chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwenye UCAS, swali la kwanza, anaweza kuandika hivi (kwa Kiingereza bila shaka, lakini wazo ni hili):

"Nilikuwa nadhani chujio letu la mkaa wa mifupa linanasa floraidi kama kichujio cha chai kinavyonasa majani. Niliposoma kuhusu muundo wa mfupa nikagundua kwamba floraidi inachukua nafasi ya haidroksaidi ndani ya madini yenyewe ya mfupa, ni kubadilishana ayoni. Hapo nikaelewa kwa nini chujio linachoka baada ya muda, na kwa nini mifupa iliyochomwa kwa joto kali mno mpaka ikawa myeupe inafanya kazi vibaya zaidi. Nataka kusoma kemia kwa sababu bado sijaelewa kwa nini joto linabadilisha uwezo huo kiasi hicho."

Umeona? Meno yake hayajatajwa. Yangeweza kutajwa kwa sentensi moja, hakuna ubaya, lakini uzito wote uko kwenye kile alichokifikiria, alianza kuamini hivi, akakuta sivyo, sasa ana swali jipya. Mwalimu wa kemia akisoma hapo anataka kukaa na huyu binti waongee.

Kwenye Common App mtu huyo huyo anaandika hivi:

"Mdogo wangu wa kiume anacheka mdomo wazi. Mimi nacheka nimeziba na kiganja, na kwa miaka mingi sikujua kama nafanya hivyo mpaka nilipochaguliwa kuwa kiranja mkuu nikasimama mstarini mbele ya shule nzima nikiwa nimeshika karatasi kwa mikono yote miwili. Chujio lilifika nyumbani mwaka aliozaliwa yeye. Siku meno yake ya ukubwani yalipotoka meupe mama alifurahi mpaka akalia, na mimi nilifurahi, na pia niliumia, na sikumwambia mtu."

Kutoka hapo anaendelea, alifanya nini na hayo maumivu, aliongeaje pale mstarini, sasa anawaambia nini mabinti wa kidato cha kwanza wanaoziba midomo yao. Kemia inaweza kuingia aya ya mwisho au isiingie kabisa.

Sasa chukua ile ya pili uipeleke UCAS: itasomwa kwa huruma lakini mwalimu wa kemia atabaki anajiuliza kemia iko wapi. Ya kwanza ukiipeleka Marekani itaonekana ya mtu mwenye akili sana ambaye hatumjui bado. Maisha ni yale yale, kila upande unachukua kipande chake.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Watoto wengi wa kwetu wameambiwa, mara nyingi na mawakala wa mjini wanaochukua hela zao, kwamba Wamarekani wanataka kusikia umaskini, kwa hiyo andika njaa, andika kutembea kilomita kumi kwenda shule. Usifanye hivyo. Kama ulitembea kilomita kumi na ni kweli, sema, ni maisha yako na hayana aibu, lakini usiuze shida ili uonewe huruma. Binti wa meno hapo juu hajaomba huruma ya mtu, ameonyesha anavyojiona na anavyowaona wengine. Ukimaliza kuandika muulize mtu anayekujua vizuri: hapa umeniona mimi au umeona shida zangu?

Habari ya kuandikiwa na wakala au na ChatGPT pia ina pande zake. UCAS wana mfumo unaolinganisha kila stetimenti na zilizowahi kutumwa, na zikifanana vyuo vinaambiwa, na wamesema wazi kwamba kuchukua maandishi ya AI ukayatoa kama yako kunaweza kuhesabiwa udanganyifu. Common App nao wameliweka hilo kwenye sheria zao za udanganyifu. Kuuliza mwalimu akusahihishie grama ni sawa tu, kila mtu anafanya.

Hela

Hapa ndo penye kuamua kwa familia nyingi, hata kuliko esei.

Kuomba UCAS ni nafuu, chini kidogo ya paundi 30 kwa machaguo yote matano. Common App yenyewe ni bure kufungua ila kila chuo kina ada yake, vingi kati ya dola 50 na 90, ingawa unaweza kuomba kusamehewa na vyuo vingi vinakubali ukieleza hali ya nyumbani, na vingine havina ada kabisa.

Kusoma sasa. Uingereza mwanafunzi wa nje analipa ada ya juu na ufadhili kamili wa digrii ya kwanza ni mchache mno. Upo, Oxford kwa mfano wana Reach Oxford kwa wanafunzi wa nchi za kipato cha chini, lakini nafasi zinahesabika. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao kila mtu anautaja, ni ya masters, achana nayo kwa sasa. Kwa hiyo kama mzazi au mfadhili hawezi kulipa, stetimenti iwe nzuri namna gani utapata barua ya kukubaliwa ambayo huwezi kuitumia, na nimeona hiyo inavyoumiza nyumba nzima.

Marekani bei iliyoandikwa inatisha zaidi, vyuo binafsi vikubwa vinapita dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha na malazi. Lakini kuna vyuo vinavyompa mwanafunzi msaada kulingana na kipato cha familia, na vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin haviangalii kabisa uwezo wa kulipa wa mwanafunzi wa nje wakati wa kuamua kumpokea, na akipokelewa wanafidia pengo lote. Ni vigumu mno kuingia, hilo lijulikane. Vyuo vingine vingi vinatoa msaada mkubwa ila kuomba kwako msaada kunaingia kwenye hesabu zao za kukupokea. Na kitu kimoja watu wanakosea: ukiwa mwanafunzi wa nje omba msaada pale pale unapoomba chuo, vyuo vingi havikuruhusu kuja kuomba baadaye ukishafika.

Ushauri wa bure upo. EducationUSA ipo Dar na Nairobi chini ya ubalozi wa Marekani, na Kenya kuna KenSAP inayowachukua vijana waliofanya vizuri KCSE na kuwaandaa kwa vyuo vya Marekani. Nenda huko kabla hujampa wakala shilingi.

Karatasi, mitihani na tarehe

Uingereza barua ya mwalimu ni moja, na inakuja na matokeo anayotegemea utapata. Halafu unapewa nafasi ya masharti: ukipata alama fulani unaingia. Kwa waliofanya mitihani ya kimataifa ya Cambridge A level hili linakwenda vizuri. Kwa NECTA na KCSE fungua ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya chuo husika uone, vyuo vingi vitakutaka upitie mwaka wa foundation, yaani wa maandalizi, kwanza, na huo mwaka nao unalipiwa. Baadhi ya kozi zina mtihani wake, LNAT kwa sheria, UCAT kwa udaktari.

Marekani wanapokea kidato cha sita na KCSE bila shida, ila wanataka matokeo ya miaka yako minne ya mwisho, barua ya walimu mmoja au wawili, na ya mshauri wa shule, ambaye kwetu huwa ni mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, vyuo vingi bado havikulazimishi, lakini kadhaa vya juu kama MIT na Harvard vimeirudisha. Sasa hivi unaifanyia kwenye kompyuta, na hesabu zimo humo hata kombi yako iwe ipi, kwa hiyo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anza mapema.

Hili la kombi lenyewe lina maana. Mtanzania aliyesoma masomo matatu kwa miaka miwili tayari yuko karibu na mfumo wa Kiingereza, ameshachagua njia. Mkenya wa KCSE mwenye masomo saba au nane, anayependa biolojia na pia historia na hataki kuacha hata moja, atajisikia nyumbani zaidi kwa mpango wa Marekani.

Tarehe: UCAS ya Oxford, Cambridge, udaktari, meno na mifugo inafunga 15 Oktoba saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo Afrika Mashariki ni saa 2 usiku. Nyingine karibu zote ni Januari, kwa wanaoingia 2026 ilikuwa tarehe 14, nayo saa 12 jioni ya kwao lakini kwetu ni saa 3 usiku kwa sababu saa zao zinabadilika. Ukishatuma stetimenti huwezi kuigusa tena. Marekani raundi ya mapema ni Novemba mwanzoni, ya kawaida ni Januari mwanzoni, saa zinahesabika za kwako ulipo, na esei kuu unaweza kuirekebisha kati ya chuo kimoja na kingine. Kuwa makini na ile raundi ya mapema yenye kufunga: unaomba chuo kimoja tu na wakikukubali unapaswa kwenda, kwa hiyo kaa na wazazi muangalie hesabu za msaada kabla ya kusaini.

Kwa hiyo wewe uende wapi

Kama unajua somo lako mpaka unaliongelea watu wanachoka, familia au mfadhili ana ada, na unataka kumaliza kwa miaka mitatu, Uingereza, tena Scotland kumbuka ni minne. Kama huna ada na una matokeo ya juu sana, weka nguvu Marekani, Uingereza jaribu tu kule penye ufadhili ulioandikwa. Kama hujui bado unataka kusoma nini, Marekani, na usione aibu kusema hujui. Wa udaktari fikiria sana: Marekani udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza na nafasi za wanafunzi wa nje ni finyu, na Uingereza nafasi za wanafunzi wa nje zina kikomo na ada yake ndo ya juu kuliko zote, kwa hiyo Muhimbili au Nairobi kwa mtu anayetaka kutibu watu wa huku ni chaguo zuri kabisa tena la kwanza.

Ukitaka kuomba kote, anza na stetimenti ya UCAS. Inakulazimisha kujua unafikiria nini kuhusu somo lako, na hayo mawazo yatakusaidia baadaye kwenye zile esei ndogo za Marekani za kwa nini chuo hiki na kwa nini fani hii, wakati esei kuu ya Common App inataka muda wa kukaa nayo, kuiacha wiki, kuirudia. Na walimu waambie mwezi wa nane mwishoni kabisa, uwape na karatasi moja yenye mambo uliyofanya darasani kwao, maana barua anaiweka mwalimu mwenyewe kupitia kiungo anachotumiwa kwenye imeili yake, na shule zikishafunga mwezi wa kumi na mbili kumpata mwalimu aliyeenda kijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha ni kazi kubwa.